Boti imenunuliwa, kazi sasa ni kuifikisha Pangani

Nimekuwa kimya kwa siku kumi hivi. Wanaonifahamu wamedhani nimebanwa na kazi pale chumba cha habari. Wapi! Nimekuwa Kunduchi, kandambili miguuni, mikono inanuka petroli, najifunza mambo ambayo miaka yote ya shule haikunifundisha. Mjomba wangu amenunua boti.

Msicheke. Mjomba ni mtu wa Pangani, mwalimu mstaafu, na sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake sasa inaelea juu ya maji. Ni boti ya faiba ya futi 23, imetumika, ina mashine moja ya nguvu za farasi 40. Anataka kuwapeleka wageni kisiwa cha Maziwe, ambacho siku hizi ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa sana linafunikwa. Siku zisizo na wageni, boti ibebe samaki. Hesabu zake ziko kwenye daftari la mistari, kwa mwandiko ule ule aliotuandikia ubaoni.

Tuliulizia bei ya lori. Ukijumlisha winchi ya kupakia Dar na nyingine ya kushushia Pangani, mjomba akatikisa kichwa. "Chombo cha baharini kirudi nyumbani juu ya lori, kama ng'ombe wa mnadani?" Basi ikaamuliwa, itakwenda kwa maji. Na mimi, mwenye likizo ya wiki mbili na simu yenye ramani, nikapewa cheo cha karani wa safari.

Haya, ramani inasema nini? Kunduchi hadi Bagamoyo ni kama maili 25 za baharini. Bagamoyo hadi mdomo wa mto Pangani ni zaidi ya 60. Unapita mdomo wa mto Ruvu, kisha Wami, kisha Saadani, ile hifadhi ya taifa inayopakana na bahari, kisha Mkwaja. Kwa macho ya mtu wa mjini ni rahisi kabisa, unaiweka pwani mkono wa kushoto mpaka unafika. Lakini mito hiyo hushusha matope na magogo, na mafungu ya mchanga yanahama bila kuitaarifu simu yangu.

Ndiyo maana mjomba amemwita nahodha kutoka kwao. Ni mzee aliyeijua pwani hii tangu anafuata ngalawa ya baba yake. Nilipomwonyesha ramani ya simu aliitazama kwa heshima, akanirudishia. "Nzuri, mwanangu. Itunze isilowe."

Kazi ya kwanza ilikuwa kuijua boti yenyewe. Aliyeiuza (jina lake nitaliacha) alituapia kwamba imetoka safari juzi tu na haina tatizo lolote. Fundi akalegeza skrubu ya chini ya mashine ili tuione oili ya gia. Ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Maana yake maji ya bahari yanaingia ndani, sili imekwisha, na gia zinaliwa taratibu. Mpira wa kupitishia petroli ulikuwa na nyufa. Ile pangaboi ndogo ya mpira ndani ya pampu ya maji, inayoipoza mashine, ilikuwa imekakamaa na meno mawili hayapo. Meno yale huenda kuziba njia ya maji huko mbele, kwa hiyo ilibidi yatafutwe mpaka yapatikane. Habari njema ilikuwa tezini. Fundi aligonga kwa nyundo ubao mzima unaobeba mashine, sentimita kwa sentimita, sauti ikatoka kavu. Mbao iliyonyonya maji ndani ya faiba hulia kama embe lililooza.

Mjomba alitaka sili ingoje. "Itafika hivyo hivyo, tutaibadilisha nyumbani." Namwelewa. Kila siku tunayolala Kunduchi inakula hela, na hela hiyo hairudi. Fundi hakubishana. Aliuliza swali moja tu: mashine ikifa mbele ya Saadani, makasia yako wapi? Makasia hayakuwepo. Sili ikabadilishwa, na makasia mawili yakanunuliwa.

Kisha tukaijaribu. Tulikwenda kati ya Kunduchi na Mbudya, saa nzima, na mizigo yenye uzito ule ule tutakaosafiri nao. Simu ilipima mwendo: noti 15, yaani kama kilomita 28 kwa saa. Petroli iliyoliwa ilikuwa lita 20 kwa saa. Muuzaji alikuwa ametuambia lita 100 zinatufikisha Pangani na chenji inabaki. Fanyeni hesabu wenyewe. Bagamoyo hadi Pangani ni saa 4 na kidogo, basi lita 80 na ushee, na hapo hujagusa akiba. Kanuni ya watu wa boti ni kwamba theluthi moja ya mafuta yako haiguswi. Kwa hiyo kipande hicho peke yake kinataka madumu 7 ya lita 20, na kila dumu lichanganywe na mililita 400 za oili, kwa kuwa mashine yetu ni ya zile zinazokunywa petroli na oili pamoja. Yote yapite kwenye kichujio, maana tone la maji ndani ya petroli linatosha kuizima mashine.

Orodha ikaendelea. Jaketi za kuokolea maisha, moja kwa kila kichwa, zivaliwe na si kukaliwa. Nanga na amari ndefu. Ndoo mbili za kufulia maji. Plagi za akiba. Tochi, filimbi, maji ya kunywa. Redio ya baharini ya mkononi, ambayo chaneli yake ya 16 ndiyo ya wito wa hatari dunia nzima. Hati ya mauzo, na makaratasi ya usajili na ukaguzi wa TASAC. Na karatasi moja anayo mama kule Pangani: tunaondoka saa ngapi, tuko wangapi, boti ina rangi gani, na saa ambayo asipotuona wala kusikia sauti zetu asingoje tena, apige simu polisi na kuwaambia wavuvi wa pwani.

Kuhusu jaketi nahodha alicheka. Hajawahi kuvaa maishani. Nikamkumbusha, kwa adabu zote, wahenga walisema nini: mwanamaji wa Kwale, kufa maji mazoea. Akanitazama kwa muda. Kisha akachukua moja, akaijaribu, akalalamika kwamba inabana kwapani. Lakini hakuivua.

Msidhani mimi ndiye niliyekuwa mwalimu pale. Jambo kubwa kuliko yote kalisema yeye. Mimi nilikuwa nimepanga Jumamosi, kwa sababu ni Jumamosi. Yeye akauliza, "Mwezi ngapi siku hiyo?" Si mwezi wa kalenda, mwezi wa mbinguni. Ilikuwa mwezi 15, bamvua. Siku za bamvua pwani yetu hujaa kama saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa 4 asubuhi. Tukiondoka Bagamoyo saa 12 asubuhi tunafika Pangani maji yamekupwa kabisa, na mdomo wa mto ule una fungu la mchanga linalovunja mawimbi. Tukichelewa kuondoka ili tufike na maji ya jioni, tunasafiri na upepo wa mchana, na tukikwama giza liko mlangoni. Lakini ukingoja mpaka mwezi 22, maji mafu, maji hujaa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Unaondoka alfajiri bahari ikiwa imelala, unafika maji yakimalizia kujaa, na mchana mzima uko mbele yako.

Yaani tungoje wiki nzima. Mjomba akanyamaza. Likizo yangu nayo inaisha. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba sili na madumu ni sehemu nyepesi ya maandalizi. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu ya haraka, na kila sababu ilikuwa ya haki. Mjomba ana hela inayoyeyuka. Nahodha ameacha kazi zake nyumbani. Aliyeuza anataka nafasi yake ya kuegesha. Mimi nina mhariri. Bahari haina habari na hata mmoja wetu.

Kwa kazi yangu nimejifunza kuzitaja tarehe hizi bila kupepesa: MV Bukoba, 21 Mei 1996. Spice Islander, 10 Septemba 2011. MV Skagit, 18 Julai 2012. MV Nyerere, 20 Septemba 2018. Sisi waandishi hufika baada ya maji kutulia. Tunahesabu, tunauliza nani alijaza watu, nani alikagua. Lakini hakuna mhariri atakayekutuma ukaandike habari ya chombo kilichoahirisha safari. Kichwa cha habari kingekuwa nini? "Boti yabaki ufukweni, abiria wanywa chai"? Na bado hiyo ndiyo habari inayookoa watu.

Basi jioni moja, juu ya samaki wa kukaanga, nikapendekeza tuwekeane sharti: mmoja wetu akisema hatuendi, hatuendi. Nahodha alikunja uso. Chombo kina nahodha mmoja, alisema, na ana haki. Tulizungumza mpaka mifupa ikabaki mitupu. Tulikubaliana hivi, na mjomba akaiandika kwenye daftari lake: kauli ya kwenda ni ya nahodha peke yake. Kauli ya kubaki ni ya yeyote, hata karani. Asiulizwe sababu, asitaniwe.

Jumamosi ile tulikuwa tayari tumepakia kila kitu, maana nahodha alikuwa amekubali, kwa shingo upande, tusogee walau hadi Bagamoyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetahadharisha juu ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ila pale ufukweni asubuhi ilionekana ya kawaida tu. Kule nje ya Mbudya ndiko kulikuwa na weupe weupe juu ya maji. Mjomba alisimama maji yakiwa magotini, akiishika boti yake kwa mkono mmoja. Yeye, mwenye hela yake, mwenye haraka kuliko sote, ndiye aliyesema: "Leo hapana."

Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Tulishusha madumu mmoja mmoja, nahodha akaenda kutafuta maandazi.

Sasa tunangoja mwezi 22. Nimeomba siku tatu zaidi kazini na bado sijajibiwa. Nikikataliwa, boti itakwenda bila karani, na daftari nitamwachia mjomba. Jaketi yangu itabaki ndani, maana inamtosha mtu yeyote. Mama kanipigia jana kuuliza tunafika lini. Nimemwambia, mama, tutafika siku ambayo hakuna hata mmoja wetu atakayesema hapana.

Tuombeane. Nitawajuza.