Usizioshe

Nilipoacha chuo na kurudi Kitale, Kukhu aliniita Bungoma nimwangalizie samaki wiki moja, yeye aende matangani. Nyuma ya jikoni alikuwa na kidimbwi cha mita 4 kwa 3, kimetandikwa nailoni nzito, na ndani yake tilapia 60. Hao ndio waliokuwa karo ya binamu yangu ya muhula wa tatu.

“Walishe tu,” akaniambia. “Usiguse kitu kingine.”

Nikagusa.

Pampu ndogo ya sola ilipandisha maji hadi kwenye pipa la kokoto, kisha yakateremkia mtaro wenye matete na kurudi kidimbwini. Kokoto zilikuwa zimeshika ute wa kahawia, unateleza. Mimi nikaona uchafu. Nikazimwaga zote, nikazisugua kwa brashi na maji ya mfereji yenye klorini, nikazianika juani siku nzima. Zikang’aa. Nilizipiga hata picha.

Siku ya nne asubuhi samaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi. Kufikia jioni nilikuwa nimeokota 41. Na maji yenyewe, maze, yalikuwa maangavu. Ungeyanywa.

Usiku huo nilikesha na simu nikisoma. Kumbe samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na amonia hiyo ni sumu kwake mwenyewe. Haina rangi. Ule ute ulikuwa makao ya bakteria: kundi moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, kundi lingine huigeuza kuwa naitreti, na matete huifyonza kama mbolea. Bakteria hao hukua polepole. Pipa jipya huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuweza kazi. Mimi niliwamaliza asubuhi moja, halafu nikaendelea kulisha samaki mara tatu kwa siku.

Kukhu aliporudi hakufoka. Alisimama ukingoni akahesabu. “Kumi na tisa,” akasema. Kisha akanituma kwa jirani mwenye kidimbwi nikaombe ndoo ya kokoto zake.

“Na usizioshe.”

Tulizichanganya na zetu, tukatoa nusu ya maji na kujaza ya kisima, tukapunguza chakula. Wale 19 waliishi. Karo niliilipa mimi, kwa mafungu, makala baada ya makala.

Niliporudi Kitale nilienda Saiwa, mbuga ndogo kuliko zote za kitaifa nchini, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe. Nilisimama kwenye daraja la mbao juu ya kinamasi. Chini ya matete maji yalikuwa ya kahawia, yametulia, na mashina yameshika ute uleule. Nzohe sikumwona. Nilikaa pale nikitazama mashina mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Juzi Kukhu alipiga simu. Ameongeza samaki wengine, nije Jumamosi.

“Lakini hiyo brashi yako,” akasema, “iache huko Kitale.”