Nywele Tunazoziita Ngumu

Akili ni nywele. Kila mtu ana zake. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, kwanza katika shule za sekondari, kisha katika chuo cha ualimu, na kila tulipoifikia darasani wanafunzi waliishughulikia akili wakaziacha nywele. Walikuwa na haki, maana nywele zimeazimwa hapo ziwe kifani tu. Leo, wapenzi wa lugha, naomba tuzitazame nywele zenyewe: jinsi tunavyoziita, na jinsi majina hayo yanavyoiongoza mikono yetu tunapozitunza kila siku.

Kiswahili hakikunyimwa msamiati katika jambo hili. Tuna unywele, umoja ambao wengi siku hizi wameusahau wakawa wanasema "nywele moja". Tuna utosi na kisogo, shina na ncha, shungi na mvi. Tuna chanuo lenye meno mapana na kitana chenye meno ya karibukaribu. Tunasuka, tunasokota, tunafumua. Tuna mabutu, na tuna twende kilioni, msuko ambao jina lake lajieleza: msuko wa haraka wa mtu anayewahi msibani. Kitenzi kusuka hutufaa kwa nywele, kwa ukili wa mkeka na kwa matukio ya hadithi, na katika yote matatu fundi hujulikana kwa kipimo chake cha kukaza. Ila mkeka huvumilia kukazwa, kwa kuwa ukindu umekwisha kukatwa mtini. Unywele bado umeshikwa na ngozi iliyo hai.

Katika utajiri wote huo limo neno moja linalonisumbua: ngumu. "Huyu ana nywele ngumu," husema msusi huku akivuta. "Nywele zangu ngumu, hazishiki chanuo," husema binti huku akitazama chini. Kinyume chake ni nywele za singa, laini na zilizonyooka, ambazo washairi wetu wamezisifu mpaka sifa zikachakaa. Za kipilipili zimeachiwa mzaha na utani.

Ukweli wa maumbile ni kinyume cha neno hilo. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe. Katika unywele ulionyooka mafuta hayo huteremka kwa wepesi kutoka shinani hadi nchani. Katika unywele uliojiviringa hukwama njiani, kwa hiyo ncha hubaki kavu. Tena, kila mahali unywele unapojikunja ni mahali ambapo huweza kukatika. Basi nywele tunazoziita ngumu ndizo zilizo dhaifu kuliko zote, na zinazotaka mkono wa taratibu kuliko zote. Neno limetudanganya, na mikono imelitii neno. Anayeamini kuwa ameshika kitu kigumu hutumia nguvu: huvuta, huchoma, hutia dawa. Hata jina "dawa ya kulainisha nywele" limejengwa juu ya dhana hiyohiyo, kwamba ugumu upo, na kwamba ni ugonjwa.

Haya hayakuwa mawazo ya kitabuni kwangu. Mjukuu wangu, msichana wa miaka 14, alinijia likizo akiwa amesukwa kwa nywele za bandia, zimekazwa hata nyusi zimepanda. Nilipomfumua niliona paji la uso limeongezeka upana kwa vidole viwili. Juu ya masikio ngozi ilikuwa laini, haina kitu. Alikuwa amekuja na ombi moja: "Bibi, ninunulie dawa, nywele zangu ngumu." Nilijua kuwa upungufu wa namna hii, unaoletwa na kuvutwa, hurudi ukiwahiwa, ukiachwa miaka, mashina hufa na nywele hazioti tena. Sikumwambia hayo yote siku ile. Nilimwambia tusisuke kwa kukaza mpaka tuone, na nikamwomba jambo la pili: neno "ngumu" lisitumike nyumbani mwangu. Aseme "kavu".

Alicheka. Lakini kavu ni neno linaloonyesha njia. Kitu kigumu hupigwa. Kitu kikavu hupewa maji. Ndipo tukaanza desturi ndogondogo, ambazo mama yangu angezitambua karibu zote.

Maji kwanza, mafuta baadaye. Mafuta hayaloweshi, kazi yake ni kuyazuia maji yasitoke upesi, kwa hiyo kupaka mafuta juu ya ukavu ni kuufungia ukavu ndani. Sabuni ya kufulia tuliiacha kwenye nguo, kwa kuwa ukali wake huinua magamba madogo yanayoufunika unywele kama vigae vya paa, na paa likiinuka vigae unyevu hutoka. Mafuta yetu ni ya nazi, ya kukuna, kukamua, na kuchemsha tui mpaka maji yaishe na mafuta yaelee. Mafuta haya yana sifa ya kupenya ndani ya unywele, na yakipakwa kabla ya kuosha hupunguza uharibifu wa kuosha kwenyewe.

Kuchana twaanza nchani, tukipanda kidogo kidogo kuelekea shinani, kwa chanuo la meno mapana, nywele zikiwa na unyevu na mafuta ya kutelezesha. Zikilowa chepechepe hunyumbuka na kukatika kwa urahisi, kwa hiyo hapo hatuvuti. Usiku hufungwa kitambaa cha hariri au satini, maana pamba ya mto hunyonya unyevu na kukwaruza. Na chakula kisisahaulike: unywele umejengwa kwa protini, na upungufu wa madini ya chuma mwilini huweza kuonekana kichwani. Maharage, dagaa na mchicha vina nafasi yao katika urembo.

Tena nilimfundisha kutoogopa. Mtu mzima hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku bila ugonjwa wowote. Nywele hukua takribani sentimita 1 kwa mwezi, hivyo asiyekuwa na subira ya miezi hana analolingoja.

Aliniuliza, "Lakini zitang'aa, bibi?" Swali hili lilinirudisha kwenye taaluma yangu. Kung'aa ni kutoa nuru iliyotandaa, kama kioo au maji yaliyotulia. Ndivyo zifanyavyo nywele za singa, kwa kuwa nuru huzipiga zote kwa upande mmoja. Nywele zilizojiviringa huipokea nuru kwa pembe nyingi, zikairudisha kwa nukta nukta. Kitenzi chake ni kumetameta, kile tunachokitumia kwa nyota. Anayezidai nywele za kipilipili zing'ae kama kioo anazidai zisizonacho, na kuwanyima macho yake kile zilichonacho. Nikamtungia ubeti aubandike karibu na kioo:

Anza na maji kichwani, ndipo upake mafuta,
Chana uanze nchani, pasi nguvu kuzivuta,
Suka kwa pole pajini, usije kesho kujuta,
Hariri usingizini, nywele zitametameta.

Washairi wenzangu, mnaona kuwa hoja yangu inatuhusu. Msusi na mwenye duka la vipodozi wana sehemu yao, lakini sifa na kejeli hutungwa na sisi, kisha huimbwa na wengine mpaka zikafika masikioni mwa mtoto mbele ya kioo. Iwapo singa zimepata beti zisizohesabika, kipilipili nazo zinastahili mtu wa kuzitazama vizuri na kuzitafutia tashbihi zake: wingu, mpamba uliopasuka, anga ya usiku wa kiangazi.

Likizo iliyofuata mjukuu alirudi na mabutu manne mepesi. Upande wa kulia wa paji palikuwa na vinywele vipya, vifupi kama nyasi baada ya mvua ya kwanza. Upande wa kushoto bado pamekaa kimya, na sijui kama pataamka. Alikaa chini, akaniegemezea kisogo magotini, akanipa chanuo. "Bibi," akasema, "leo ni kavu sana. Anza na maji."