Boma, Daraja na Jina la Fundi

Kuna mshikaji wangu, naye anaandika kama mimi, ambaye kila tukikutana kijiweni hapa Biharamulo mjini lazima tubishane. Yeye ana kaunta buku mbili zimejaa Paris. Hata Bukoba hajafika mara tatu, lakini shujaa wake anateremka kwenye treni, anapita chini ya Mnara wa Eiffel, anamkuta mchumba mlangoni pa kanisa la Notre-Dame, kisha anavuka mto Seine huku analia. "Msomaji anataka kusafirishwa, bwana," ananiambia. "Wewe na boma lako hilo, nani atakununua?"

Ndugu msomaji, swali hilo si dogo kwa kijana wa kidato cha nne anayeshinda kwenye kibanda cha kuchaji simu na kuandika usiku. Sikulipuuza. Nikaanza kuisoma hiyo Paris yake, nikakuta mambo ambayo hata yeye hakuwa nayo kwenye daftari. Mnara wa Eiffel ulifunguliwa mwaka 1889 kwa ajili ya maonyesho makubwa, na kibali chake kilikuwa cha miaka 20 tu, baada ya hapo ungebomolewa. Ubavuni mwake yameandikwa majina 72 ya wanasayansi na wahandisi wa Ufaransa. Ya wale waliopanda juu kupigilia vyuma kwenye baridi, hakuna.

Na hilo kanisa, mnalionaje? Lilikuwa limechakaa, limekaa kama gofu, mpaka Victor Hugo alipotoa riwaya yake mwaka 1831. Watu wakaisoma, wakaanza kulitazama upya kanisa walilokuwa wakipita mbele yake kila siku, na katika miaka ya 1840 matengenezo makubwa yakaanza. Lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019 dunia nzima ilikaa mbele ya televisheni. Likafunguliwa tena Desemba 2024. Sasa nikamuuliza mshikaji: huyo Hugo alikuwa anaandika mji wa nani? Akacheka, akaagiza chai. Hakunijibu mpaka leo.

Basi turudi kwetu. Boma la Biharamulo lilijengwa kati ya mwaka 1902 na 1905. Gavana wa koloni zima, aliyekuwa amekaa Dar es Salaam wakati huo, ni Gustav Adolf von Götzen, na huyu bwana huku kwetu hakuwa mgeni: mwaka 1894 alivuka mto Kagera pale Rusumo kuingia Rwanda. Wakati boma linakamilika, ndiyo Majimaji inaanza kule kusini. Mwaka 1916 wakaja Wabelgiji wakawafukuza Wajerumani, kisha Waingereza wakachukua. Baadaye sana boma hilohilo likatengenezwa, likatumika kulaza wageni. Unalala kwa amani mahali palipojengwa ili watu wasilale kwa amani.

Sisi wote, watoto kwa wazee, tunaliita boma la Mjerumani. Nimekaa chini ya kuta zile nene jioni nyingi nikijiuliza: Mjerumani gani? Wajerumani wachache wenye ramani hawawezi kuinua ukuta ule. Kuna mtu alibeba maji. Kuna mtu alipanda juu na mzigo begani, na kuna mama aliyekuwa anamsubiri arudi nyumbani na giza linaingia. Riwaya yangu inaanza na mtu huyo, fundi, mwaka 1903.

Ilitakiwa imalizikie Rusumo, kwa wajukuu wake. Kwa hiyo mwaka jana nikadandia gari mpaka Lusahunga, nikashika barabara ya malori ya Kigali, nikapita Nyakahura hadi Benaco wilayani Ngara. Jina hilo, kama hujui, si la Kihangaza. Ni la kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa inajenga barabara. Pale Rusumo pana daraja jipya ambalo marais wa Tanzania na Rwanda walilifungua Aprili 2016, na kwenye maporomoko pana mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi tunagawana. Malori yanapita, maji yananguruma. Mtu wa Paris angepiga picha.

Lakini mimi nilikwenda kwa sababu ya shangazi yangu, anayeishi huko. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, watu zaidi ya 200,000 walivuka hapo kutoka Rwanda. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Yeye alikuwa msichana.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Umekonda."

Nikamweleza nataka kuandika nini. Akaendelea kumenya ndizi. Baada ya muda akasema, "Kilichonishangaza ni kimya. Watu wengi namna ile, halafu kimya." Akaniambia miezi ile hawakula samaki wa mto. Sikumuuliza kwa nini. Miili ilipita chini ya lile daraja la zamani mpaka Ziwa Victoria, na kule Uganda wakazika maelfu.

Hapo ndipo riwaya inapokuwa ngumu, na hapo ndipo Paris ya mshikaji inapokuwa rahisi mno. Waliokuwa mtoni wengi walikuwa Watutsi, waliouawa katika mauaji ya kimbari. Waliokuwa darajani wengi walikuwa Wahutu wanalikimbia jeshi la RPF, na miongoni mwao walikuwemo akina mama na watoto wasio na hatia, na walikuwemo pia waliotoka kuua. Wote walifika Benaco wana njaa.

"Mama mmoja aliniomba chumvi," shangazi akasema. "Nikampa. Jina sikumuuliza, nani aulize jina siku ile? Mpaka leo sijui chumvi yangu ilikwenda kwa nani." Akaweka kisu chini. "Ukiandika, usimfanye malaika. Usimfanye shetani pia. Weka kwamba aliomba chumvi."

Nimeweka. Ni mistari minane tu, nimeiandika mara kumi na moja.

Kwa sasa niko ukurasa wa 41. Sehemu ya boma imekaa vizuri, isipokuwa yule fundi bado hana jina. Nikimpa jina la Kisubi, naona amekuwa wa ukoo fulani ninaoufahamu. La Kizinza, babu wa jirani atadai ni wake. Nimeacha nafasi tupu kila anapotajwa, nafasi ya herufi saba hivi, na mshikaji aliyenisaidia kuchapa anadhani kompyuta ina matatizo.