Twende Same Tukajifunze Insha

Leo tunasafiri. Twende Same, katika Mkoa wa Kilimanjaro. Tutaiona nchi ya Wapare. Tena tutajifunza jambo litakalomsaidia mtoto wako katika mtihani. Jambo hilo ni kuandika insha.

Pengine utasema, "Mimi nimejifunza kusoma ukubwani. Nitamsaidiaje mtoto wa sekondari?" Usikate tamaa. Soma mpaka mwisho. Utaona kwamba unayo mengi ya kumpa.

Same iko wapi?

Same iko kando ya barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Kutoka Same mpaka Moshi ni kiasi cha kilomita 100. Reli ya Tanga hadi Moshi, iliyojengwa wakati wa Wajerumani, nayo inapita hapa.

Mji uko chini, penye ukame na upepo. Upande mmoja kuna nyika ya Mkomazi. Mkomazi ni hifadhi ya taifa yenye tembo na faru. Upande mwingine kuna Milima ya Upare. Kilele kirefu kuliko vyote ni Shengena, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,400. Huko juu kuna msitu, ukungu na baridi.

Zamani nchi yote hii ilikuwa wilaya moja, Wilaya ya Pare. Mwaka 1979 iligawanywa, zikapatikana Same na Mwanga.

Mtihani wenyewe

Kila mwaka vijana wa Same hufanya mtihani wa Kidato cha Nne kama vijana wengine wa Tanzania. Mtihani ni mmoja kwa nchi nzima. Hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Baraza hilo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Zamani mitihani ya sekondari ilitoka nje ya nchi. Kwa miaka mingi ilitoka Cambridge, Uingereza.

Katika karatasi ya Kiswahili mwanafunzi huandika insha. Haandiki jina lake. Huandika namba tu. Msahihishaji hamjui mtoto huyo, wala hajui kijiji chake. Hawezi kumwuliza, "Hapa ulikuwa na maana gani?" Anasoma kilichoandikwa, basi. Kwa hiyo lazima karatasi iseme yote, tena iseme waziwazi.

Hapo ndipo vijana wengi hupata taabu. Wengine hukariri insha iliyoandikwa na mtu mwingine. Wamekariri insha juu ya faida za misitu. Siku ya mtihani wanaulizwa juu ya maji. Wafanye nini? Wanaandika misitu hivyo hivyo, na alama zinapotea.

Tupande mlimani

Sasa tuondoke mjini. Tunapita Mwembe, tunaelekea Bangalala. Hapa mvua ni haba. Mkulima asiyemwagilia huweza kukosa mahindi. Lakini wazee wa Upare walitafuta njia tangu zamani. Walichimba ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la kukusanyia maji ya mto au chemchemi. Maji huingia kwa mfereji usiku kucha. Asubuhi ndiva hufunguliwa, na maji hugawanywa mashambani kwa zamu. Kila mtu anajua siku yake. Mtu akiiba zamu ya mwenzake, ugomvi hutokea. Watu wa juu wakichukua maji mengi, wa chini hubaki na mchanga.

Tuseme swali la mtihani ni hili: "Andika insha juu ya umuhimu wa maji." Mwanafunzi wa kwanza anaandika hivi:

"Maji ni uhai. Maji ni muhimu sana. Maji yana faida nyingi sana kwa binadamu."

Mwanafunzi wa pili anaandika hivi:

"Kijijini kwetu maji ya ndiva hufunguliwa asubuhi. Ndiva ni bwawa dogo la kumwagilia mashamba. Mwaka ambao ndiva haijai, mahindi hukauka kabla ya kubeba. Wazazi hununua chakula kwa fedha ambazo zingelipia mahitaji ya shule. Hivyo, maji yanapopungua shambani, hata darasani tunaathirika."

Wa kwanza amesema jambo moja mara tatu. Wa pili ametoa mfano, ametaja sababu, ameonyesha matokeo. Tena ameeleza maana ya ndiva. Neno hilo linajulikana Upare, lakini msahihishaji anaweza kuwa mtu wa Lindi au Kigoma. Neno la nyumbani si kosa likielezwa.

Mwanafunzi huyu wa pili aliyapata wapi maneno haya? Hakuyatoa kitabuni. Ameyaona shambani, na amewasikia wazee wakizungumza.

Wapare walivyotoa hoja

Turudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza ilileta Upare kodi mpya. Watu waliiita mbiru. Kila mtu alikadiriwa mali yake, kisha akaambiwa kiasi cha kulipa. Watu waliona makadirio hayo hayana haki. Mwaka 1945 maelfu waliteremka kutoka milimani wakapiga kambi hapa Same, penye ofisi ya serikali. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao walisimama kupinga.

Wapare hawakupiga kelele tu. Waliandika pia barua na maombi kwa wakubwa wa serikali. Walieleza kodi ile ni nini, kwa nini haifai, na wanataka nini badala yake. Mwishowe kodi hiyo iliondolewa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyetoka Upare, aliandika habari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1971.

Ndugu msomaji, tazama mpango wa hoja yao. Jambo lenyewe ni lipi? Sababu ni zipi? Tunataka nini? Huo ndio mpango wa insha ya hoja. Utangulizi hutaja jambo. Kiini hutoa sababu, kila sababu katika aya yake. Hitimisho hufunga na kutoa maoni.

Mwaka 1971 pia, Wilaya ya Pare ilikuwa moja ya wilaya sita zilizochaguliwa kuwa mbele katika kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Watu wazima walishika kalamu kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kujifunza ukubwani si aibu katika nchi hii.

Mambo ya mtihani yako kijijini

Shuleni vijana hufundishwa kuandika insha, barua rasmi, hotuba, risala na kumbukumbu za mkutano. Je, mambo haya ni mageni kwako? Wewe huhudhuria mkutano wa kijiji. Umesikia katibu akisoma kumbukumbu: waliohudhuria, kufungua mkutano, ajenda, maazimio, kufunga. Umesikia risala ikisomwa mbele ya mgeni rasmi. Mwenye kijana ampeleke akasikilize. Atakuta mtihani umekaa chini ya mwembe.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, mweleze mtoto kazi yako. Mkulima wa tangawizi wa Mamba aeleze tangu kupanda mpaka kuuza. Mkulima wa mpunga wa Ndungu aeleze habari za mfereji. Kisha mtoto aandike alichosikia.

Pili, mwambie akusomee insha yake kwa sauti. Wewe sikiliza. Usipoelewa mahali, mwambie, "Hapa sijaelewa." Wewe ndiwe msahihishaji wake wa kwanza. Kama wewe unayekijua kijiji huelewi, mtu wa mbali ataelewaje?

Tatu, mwulize, "Swali linataka nini?" Aseme kwa maneno yake kabla ya kuandika. Kama limeweka mpaka wa maneno, aufuate.

Nne, apange kwanza. Aandike hoja zake pembeni, nne au tano. Ndipo aanze insha. Mwisho abakize dakika chache za kusoma tena na kusahihisha herufi na nukta.

Tano, mpe nafasi. Msichana anayeteka maji mara tatu jioni na kupika peke yake hana saa ya kuandika. Kaka zake nao wana mikono. Gawaneni kazi kwa zamu, kama maji ya ndiva yanavyogawanywa.

Insha moja kwa juma inatosha kwa kuanzia. Daftari na kalamu havigharimu sana. Ndugu msomaji, jioni ya leo mwulize kijana wako: "Ukiambiwa umweleze mtu wa mbali habari za kijiji chetu, utaanza na nini?" Akikujibu, mpe kalamu aandike.

Jadilianeni:

1. Ni jambo gani la kijijini kwenu ambalo mtu wa mbali hawezi kulielewa bila kuelezwa?
2. Kwa nini kukariri insha ya mtu mwingine ni hatari?
3. Nyumbani kwenu, mtoto anapata saa ngapi za kusoma na kuandika? Nani anaweza kumpunguzia kazi?