Pua ya Simba

Kwa Simba, mbwa wa miaka mitatu anayeishi Marangu, kandambili ya baba ina harufu ya baba. Baba akienda kazini, anaibeba hadi chini ya mgomba na kuitafuna taratibu. Mama akija na ufagio, Simba anaitambua hasira. Kosa lenyewe halijui.

Jioni watoto humchukua matembezini, na hapo ndipo pua hufanya kazi: kinyesi cha mbuzi, kahawa iliyoanikwa, mbwa wa jirani aliyepita asubuhi. Kwenye mfereji hujirusha, kisha hujikung'uta karibu na sare za shule. Makusudi, ukiwauliza watoto.

Wiki iliyopita walikutana na mbwa mgeni, akipepesuka, mate yakimtoka. Simba alisimama, manyoya ya mgongo wima. Mtoto mdogo akanyoosha mkono kumshika yule mgeni, akakwaruzwa na jino. Simba akaingia katikati, naye akang'atwa sikio.

Nyumbani mama aliosha mkono wa mtoto kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, ndipo wakakimbilia hospitali kupata chanjo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, karibu kila mara huua. Simba alikuwa na chanjo ya mwaka huu, ile ambayo wengi wetu huiahirisha. Daktari wa mifugo alimwongezea nyingine, akaagiza achungwe nyumbani.

Kwa hiyo sasa amefungwa. Jioni anawasikia watoto wakishuka mferejini bila yeye, analia hadi giza.