Waya mbili ndogo chini ya mkono wa ambrayaji

Hapa Bunia pikipiki ikianguka, mara nyingi kinachovunjika kwanza ni mkono wa ambrayaji au mkono wa freni. Inaanguka kwa sababu ya udongo mwekundu wakati wa mvua. Inaanguka kwa sababu imebeba watu watatu, magodoro na kuku. Inaanguka hata ikiwa imesimama, maana stendi ya upande iko kushoto, udongo ukilainika inazama, na ambrayaji nayo iko upande huo huo. Gidoni inagonga chini, mkono unakatika kama muhogo mkavu.

Ndiyo maana wauza piesi wanatundika mikono hiyo mbele kabisa ya duka. Mingi imetengenezwa China au India, na sehemu kubwa inapita Uganda mpaka kufika kwetu. Mingine ni myeusi kama ile ya kiwanda, mingine ina rangi nyekundu au ya dhahabu, vijana wanaipenda sana. Muuzaji atakuambia wote ni sawa. Si sawa. Tundu la bolti linaweza kufanana, urefu ukafanana, lakini karibu na bolti kuna kinundu kidogo ambacho wengi hawakiangalii. Kwenye pikipiki nyingi zenye demareri ya umeme, kinundu hicho ndicho kinachogusa swichi ndogo iliyojificha chini ya mkono wa ambrayaji. Ile swichi ina waya mbili nyembamba.

Kazi yake ni hii: vitesi ikiwa imeingia, demareri isizunguke mpaka uvute ambrayaji. Kuna pikipiki ambazo zinakubali kuwaka bila kuvuta kama haziko kwenye vitesi, na kuna zingine zinataka uvute kila mara. Ukifunga mkono usio na kinundu, au wenye kinundu kifupi, swichi haisikii kitu. Unabonyeza, kimya. Najua watu waliokimbilia kununua batri mpya kwa sababu ya kimya hicho, na batri yao ya zamani ilikuwa nzima. Kama taa na honi zinafanya kazi vizuri na demareri haitikisiki hata kidogo, angalia swichi kwanza kabla ya kutoa pesa.

Kazi yangu ya redio inanitembeza kila siku kati ya mji na kambi za wakimbizi wa ndani, kwa hiyo fundi ninayemtembelea ananijua. Siku nilipofungiwa mkono mpya, alibonyeza demareri, ikanyamaza. Akachukua kisu, akaanza kuvua ngozi ya zile waya mbili.

“Papa, unafanya nini?”

“Mama, hii swichi haina kazi hapa kwetu. Nitaunganisha waya tu, itawaka.”

“Na nikiisahau kwenye vitesi?”

Akacheka. “Wewe ni mwandishi, utasahau kweli.”

Nilimwomba aache waya kama zilivyo, tukapima mikono mitano kwa kuilinganisha na ule uliovunjika mpaka tukapata wenye kinundu. Ilichukua karibu saa moja. Simlaumu sana. Wateja wake wengi ni wamotari wanaotafuta pesa ya kupeleka kwa mwenye pikipiki jioni, na hakuna anayetaka kungoja saa nzima kwa ajili ya kinundu.

Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu tayari. Katika kambi moja pembeni ya mji, motari alisimamisha pikipiki yake kwenye mteremko, akaiacha kwenye vitesi ya kwanza ili isiteleze. Wamotari wote wanafanya hivyo, na ni sawa, pikipiki haina freni ya mkono. Ufunguo ukabaki umewashwa, alikuwa anashusha mzigo tu. Watoto wa kambi wanapenda pikipiki kuliko mpira. Mmoja wa miaka kama sita alipanda, akabonyeza kile kitufe. Waya za swichi zilikuwa zimeunganishwa zamani. Pikipiki iliruka mbele, ikagonga mafiga ya mama aliyekuwa anapika, ikazimika na kulala upande. Mtoto alidondoka na kuchubuka goti. Chungu kilimwagika upande ambao hapakuwa na mtu. Maharagi ya jamaa ya watu saba yalibaki kwenye udongo, na siku hiyo hakukuwa na mengine. Motari aliwalipa kesho yake, kwa pesa kidogo na kwa kumbeba mama bure hadi sokoni.

Nyumba za kambini ni za turubai, zimekaribiana hata unasikia jirani akikohoa. Pikipiki ikiruka mita mbili pale haikosi kitu cha kugonga. Ndiyo maana nasema kinundu kile kina kazi kwetu kuliko hata barabarani.

Mkono wa freni ya mbele ni jambo lingine, na ni baya zaidi. Kama freni ni ya kable, mkono usiofaa utaujua upesi, hautashika. Kama ni ya sahani na mafuta, mkono unaweza kuingia vizuri lakini ukawa unasukuma pistoni kidogo hata bila kuvutwa. Mafuta hayarudi kwenye kikopo chake, sahani inapata joto, na freni inaanza kujishika yenyewe njiani. Inua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono: lazima liende huru. Mkono nao uwe na mchezo mdogo kabla ya kusukuma chochote. Mwambie pia mtu asimame nyuma aone kama taa nyekundu inawaka ukivuta, maana mara nyingi kuna swichi huko pia.

Kwa ambrayaji, acheni nafasi ya milimita mbili au tatu kati ya mkono na kishikizo chake kabla kable haijaanza kuvuta. Kable ikikazwa zaidi, ambrayaji inateleza na sahani zake zinaisha mapema. Ikilegea, vitesi zinaingia kwa kelele. Halafu weka pikipiki kwenye stendi ya katikati, gurudumu la nyuma likiwa hewani, watoto wakae mbali. Ingiza vitesi ya kwanza, bonyeza demareri bila kuvuta. Ikizunguka, waya zimeunganishwa au swichi imekufa. Ikinyamaza, vuta ambrayaji, bonyeza tena, sasa iwake. Mashini ikiwa inanguruma, rudisha vitesi nje na uzungushe gidoni kushoto na kulia. Sauti ikipanda, kuna kable inayovutwa.

Jueni kwamba kiki haipiti kwenye demareri, kwa hiyo swichi haikingi anayepiga kiki. Na kwa wale ambao waya zao zimeshaunganishwa na hawana pesa ya mkono mwingine wiki hii, ufunguo utolewe kila mnaposhuka, hata kama ni kushusha gunia moja. Wamama wa kambini, mkiuona umeachwa kwenye pikipiki, muiteni mwenyewe kwa sauti.