Herufi kwenye mashuka ya harusi



Mama alinidarizia mashuka manne ya harusi, kila moja na herufi mbili pembeni: yangu na ya mume. Ndoa ile ilivunjika. Eda ilipokwisha, Allah akaniruzuku mume mwingine, mkulima wa mpunga Ifakara. Nikavuka Unguja kwa boti, Dar nikapanda treni ya TAZARA, mashuka yakiwa ndani ya sanduku. Kuyatupa sikuweza, ni kazi ya mikono ya mama.

Mama mkwe ndiye aliyeyakunjua. Akaiona ile herufi. Nikainama kwa aibu. Hakuuliza kitu. Alitandika mkeka barazani, akaleta wembe.

"Mwanangu, tunafumua upande wa nyuma."

Ukikata mbele utachana kitambaa. Geuza shuka, kata nyuzi za nyuma chache chache, kisha zitoe kwa mbele kwa ncha ya sindano. Usivute kwa nguvu. Loweka, sugua matundu kwa ukucha yafungane, piga pasi shuka likiwa bado na unyevu.

Ilituchukua siku tatu, kila siku baada ya Alasiri. Kivuli kimebaki, maana shuka limepauka pote isipokuwa chini ya uzi. Juu yake nimedarizi suke la mpunga.

Wanaharusi, darizini maua. Na kama herufi imeshaingia, shuka bado ni shuka. Allah atujaalie wakwe wanaosaidia kufumua bila kuuliza. Amin.